Jumamosi Takatifu ya sakristani

Saa kumi na moja alfajiri nafungua sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya ibada ninachokitunza. Waumini wengi wanadhani leo napumzika, kwa kuwa Jumamosi Takatifu haina Misa mpaka usiku. Ukweli ni kwamba mwaka mzima sina siku nzito kama hii. Tangu Alhamisi usiku altare iko tupu, haina kitambaa wala msalaba, na tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, liko wazi. Vyote vilivyoondolewa virudi vikiwa vimefuliwa, vimepigwa pasi na kung'arishwa kabla ya jua kuzama.

Mpaka saa mbili ni kufagia, kupangusa madirisha na kusugua kalisi, vikombe vya Misa.

Saa mbili na nusu nakagua mshumaa wa Pasaka. Ni lazima uwe wa nta na uwe mpya kila mwaka. Naangalia msalaba, Alfa na Omega, tarakimu nne za mwaka na zile chembe tano za ubani, ishara ya majeraha ya Bwana. Naurudisha ulale bapa kwenye chumba chenye ubaridi, maana joto la Mombasa huupinda mshumaa mrefu hata kabla haujawashwa.

Saa tatu nakwenda stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari kuchukua maua. Kamati iliagiza waridi nyeupe kutoka Nairobi kwa basi la usiku, zifike alfajiri.

"Gari liko Mariakani, mama," kijana wa mizigo akaniambia.

Nikakaa. Saa nne gari liko Mazeras. Saa tano bado liko Mazeras, kuna lori limeziba njia. Hapakuwa na kiti tena, abiria wa sikukuu walikuwa wamejaa na mabegi yao, nami nimesimama juani nikihesabu kazi zinazoningoja: maji, pasi, mishumaa ya waumini, orodha ya wasomaji. Karibu saa saba basi likaingia. Boksi letu lilikuwa chini ya magunia ya viazi. Kijana akalishika, akasoma risiti, akalirudisha chini.

"Jina hapa ni la mwanamume, mama. Aje mwenyewe na kitambulisho."

"Mwanangu, huyo ni mwenyekiti wetu. Maua ni ya kanisa, na mkesha ni leo usiku."

"Naelewa mama, lakini ndiyo sheria."

Mwenyekiti alikuwa amekwama kwenye feri ya Likoni, simu inakatika kila akianza kusema. Nilingoja hadi sauti yake ikasikika vizuri na kijana akaridhika. Nilipofungua boksi, nusu ya waridi zilikuwa zimeungua kingo, rangi ya chai.

Miguu iliniuma, lakini nikapitia soko la Marikiti kwa akina mama wanaouza asumini. Nikanunua vitumba vyote walivyokuwa navyo, ambavyo havijafunguka. Nitaisema kamati waziwazi: tumekuwa tukilipia nauli ya maua ya bara huku ua la sikukuu hii limo mjini mwetu. Asumini ni nyeupe, na hufunguka usiku. Ukiipanga alasiri, inachanua watu wakiwa kwenye masomo. Waridi inayofika kwa basi haiwezi hivyo.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Bomba lilikuwa kavu, tukanunua maji ya mkokoteni kujaza mapipa, kwa sababu baada ya mkesha kila nyumba huja na chupa yake ya maji ya baraka. Vijana walileta makumbi ya nazi kwa ajili ya moto mpya. Nikapiga pasi kasula nyeupe, vazi la juu la padre, nikaandaa mkaa wa chetezo, nikajaribu kamba ya kengele iliyonyamaza tangu Alhamisi. Masomo ni tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Paroko anaweza kupunguza yale ya Agano la Kale, lakini la Kutoka haliachwi kamwe, kwa hiyo msomaji wake nilimpigia simu tena. Zamani ibada hii ya mkesha ilifanywa Jumamosi asubuhi, mpaka Papa Pius XII alipoanza kuirudisha usiku mwaka 1951. Namshukuru kwa hilo, hata mgongo ukiuma.

Moto ulipowashwa nje sikuuona. Nilikuwa ndani, gizani, mkono kwenye swichi, nikingoja ishara. Kwenye wimbo wa Utukufu mishumaa ya altare ikawashwa, kengele zikapigwa, na asumini zilikuwa zimechanua zote. Mama mmoja alinifuata baadaye akauliza ni manukato gani tuliyonyunyiza. Nikamwambia ni maua ya Marikiti, naye anaweza kuyanunua.

Waumini walipoondoka na chupa zao nikatafuta kisu butu, nikaanza kukwangua nta sakafuni kuanzia mabenchi ya mbele. Misa ya kwanza ya Pasaka ni saa moja asubuhi, na kuna watoto wa kubatizwa.