Sanamu ya Askari pale Posta

Jana jioni nilishuka Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, nikaamua kusimama kwa utulivu mbele ya Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Wengi wetu tunaizunguka kila siku bila kuitazama.

Askari huyo wa shaba ameinama kidogo mbele, mguu mmoja umetangulia, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Aliwekwa hapo mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Nairobi na Mombasa nako zipo sanamu za kumbukumbu hiyohiyo.

Kilichonigusa zaidi ni maandishi ya msingi wake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, ambayo hayawataji askari peke yao bali pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Makumi ya maelfu ya watu hao, waliochukuliwa vijijini kubeba risasi na chakula katika Vita Kuu ya Kwanza, walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote pale.

Naona ni haki ya wapagazi hao kutajwa kwanza tunapowaeleza watoto habari za sanamu hii. Anayepita na mwanawe, naomba amsomee maandishi hayo kwa sauti, ya Kiswahili yakitangulia.