Unajenga nyumbani ukiwa Marekani? Muulize fundi kuhusu RCD

Ndugu zangu mnaojenga nyumbani huku mkiishi ughaibuni, leo nawaomba tuongee umeme. Picha za marumaru, geti na dari ya jipsamu tunatumiwa kila siku kwenye WhatsApp. Boksi la umeme hakuna anayeliulizia.

Hapa Ohio, ukiingia bafuni katika nyumba iliyojengwa miaka ya karibuni utakuta soketi yenye vitufe viwili katikati, kimoja cha kujaribia, kingine cha kurudisha umeme. Hiyo wanaiita GFCI; nyumbani kifaa cha kazi hiyo hiyo kinaitwa RCD. Aliyeibuni ni Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyechunguza kwa miaka mingi ni umeme kiasi gani mwili wa binadamu unaweza kuustahimili. Kanuni za umeme za Marekani zikaidai hatua kwa hatua: bafuni mwaka 1975, jikoni karibu na sinki mwaka 1987.

Kazi yake ni kulinganisha. Umeme uliotoka kwa waya wa laivu unapaswa kurudi wote kwa nyutro. Zikipungua kama miliampea 5 tu (miliampea elfu moja ndiyo ampea moja), basi kuna unakopotelea, pengine mwilini mwa mtu, na kifaa kinakata papo hapo.

Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Ya ampea 15 imewekwa ili waya usiungue. Miliampea 100 zikikupita kifuani zinaweza kuvuruga moyo hadi ukafa, na kwa breka ile hicho si kitu kabisa, taa zitaendelea kuwaka.

Sasa turudi nyumbani, ambako umeme ni volti 230, karibu mara mbili ya huu wa hapa. Mafundi wengi watakuambia, "Bosi, ethi tumechimbia, usiwe na wasiwasi." Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ni lazima, lakini peke yake mara nyingi haitoshi. Chukua nondo ya ethi iliyo kwenye udongo mkavu, yenye ukinzani wa omu 50. Laivu ikigusa bodi ya chuma ya friji, volti 230 kwa omu 50 ni ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haitakata, na bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri mtoto aliyetoka kuoga. RCD ya miliampea 30 ingekata mara moja. Hesabu hii ndiyo inayoninyima usingizi ninapofikiria nyumba zetu na heta zake za kuogea.

RCD haikingi kila kitu, niseme wazi. Ukishika laivu na nyutro kwa pamoja huku umesimama pakavu, yenyewe inaona umeme unarudi sawasawa, haitakata.

Pia tafadhali msipakie soketi za GFCI za huku kwenye mabegi. Zimetengenezwa kwa volti 120. RCD za volti 230 zinapatikana huko huko kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Sisitiza iandikwe miliampea 30, kwa sababu zipo za 100 na 300 ambazo hazikuwekewa kumlinda mtu.

Kabla ya kutuma malipo ya mwisho, mpigie fundi simu ya video umeme ukiwa umewashwa. Mwambie abonyeze kitufe cha T kwenye RCD, kile cha kujaribia. Umeme usipokatika, hiyo kazi haijaisha. Kisha muombe aipime ethi kwa mita yake, maana kitufe kile hakiipimi.