Bustani ya mzee Wang na Mhubiri sura ya 2

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Mhubiri 2, hasa mstari wa 4 mpaka 24, imekuwa moyoni mwangu tangu nilipopita Suzhou kule China, mji wa mifereji, kutoka Shanghai ni kama nusu saa tu kwa treni ya mwendokasi.

Sulemani anasema alijijengea nyumba, akapanda bustani na miti ya kila aina, akafanya mabwawa ya maji. Sasa ukiingia bustani ya Zhuozheng Yuan, iliyoko hapo Suzhou, ni kama unauona huo mstari kwa macho. Hekta 5 hivi na sehemu kubwa ni maji, mayungiyungi, vibanda vya kupumzikia, madaraja ya kupindapinda yanayokulazimisha kutembea taratibu, halafu kuta nyeupe zenye madirisha ya nakshi, unachungulia hapa unaona tawi, ukisogea kidogo unaona jiwe la Ziwa Tai lililotobolewa na maji. Ila kilichonigusa zaidi, ukisimama upande wa mashariki ukatazama magharibi, kwa mbali unaona mnara wa hekalu la Beisi, uko nje kabisa huko mjini, siyo mali ya bustani, lakini miti imeachiwa nafasi makusudi mnara uonekane kama umo ndani. Jamani watu walifikiria!

Aliyeianzisha mwaka 1509 hivi ni Wang Xianchen, ofisa wa enzi ya Ming, ukoo wa wafalme waliotawala China wakati huo, aliyeachana na mambo ya ikulu akarudi kwao. Rafiki yake mchoraji Wen Zhengming mwaka 1533 akachora mandhari 31 za hapo na mashairi yake juu. Sasa sikia, inasimuliwa kwamba mzee Wang alipofariki mtoto wake akaipoteza bustani kwenye kamari, wengine wanasema usiku mmoja tu.

Nikarudi mstari wa 18 na 19. Sulemani anaichukia kazi yake yote kwa sababu atamwachia mwingine, na nani ajuaye kama huyo atakuwa mwenye hekima au mpumbavu? Simhukumu mzee Wang, malezi ya nyumbani kwake siyajui. Nawaza sisi. Tunahangaika na viwanja, hati, tofali, na mtoto tunamwambia tu hii itakuwa yako, lakini hajui tuliipataje wala hajawahi kutusikia tukimshukuru Mungu kwa ajili yake. Na mstari wa 24 unasema hata kula na kufurahia kazi yako kunatoka mkononi mwa Mungu, hilo nalo mtoto anatakiwa alione kwetu tukiwa hai.

Bustani yenyewe imepita mikono mingi, mwaka 1860 jeshi la Taiping, waasi walioupinga utawala wa China, liliuteka mji na jemadari wao Li Xiucheng akakaa hapo, mwaka 1952 ikafunguliwa kwa wananchi, 1997 ikaingia urithi wa dunia wa UNESCO.

Kwa hiyo wazazi, wiki hii mkalishe mtoto chini, hata kama ni mkubwa, mwambie kile kiwanja ulikipataje, siku ulizokosa hata nauli ulimwomba Mungu nini. Na wale ambao vijana wenu wameshazama kwenye kubeti, maana siku hizi kamari iko kwenye simu hapohapo kitandani, msione aibu, nitumieni jina la kwanza tu la kijana, Alhamisi kwenye maombi tutawataja mmoja mmoja.