Jinsi Ubao wa Picha Ulivyoikwamua Riwaya Yangu

Riwaya yangu ilikwama sura ya nne, na kilichoikwamisha ni nyumba. Ni hadithi ya dada wawili waliorithi nyumba ya baba yao: mdogo anataka iuzwe, mkubwa hataki hata kusikia. Ugomvi wao ulikuja wenyewe, kwa sababu watu wakigombana huwa nawasikia vizuri. Lakini kila walipoingia ndani, nyumba ilikuwa "nyumba kubwa ya zamani" na basi. Walikuwa wanagombania kitu ambacho hata mimi mwandishi sikukiona, na ugomvi ukaanza kupwaya.

Ndipo nikafungua ubao kwenye Pinterest, mtandao wa kukusanya picha na kuzipanga kwenye mbao za mtandaoni. Mtandao huo upo tangu 2010, na watu wengi ninaowajua huutumia kuchagulia mapazia na nguo za harusi, kwa hiyo sikuutarajia makubwa. Niliufanya ubao wa siri, huduma iliyokuwapo tangu 2012, maana hadithi mbichi haivumilii macho ya wageni. Nikaanza kubandika: madirisha, milango, korido, bustani zilizomea magugu.

Kukusanya picha kuna utamu wake, na hatari ni kwamba utamu huo unajifanya kazi. Unamaliza jioni nzima, macho yamechoka, na hujaandika hata sentensi. Halafu kuna mapendekezo ya mtandao wenyewe. Ukibandika nyumba moja yenye ukungu, kesho unaletewa ukungu tu, na keshokutwa ukungu mzito zaidi. Ubao wangu ukawa mzuri kweli, wa rangi moja, hali moja, na haukunipa kitu. Nilipojiuliza kwa nini, nikaona kwamba picha nzuri mno huwa imekwisha kusema yote. Mpiga picha ameshapanga mwanga, ameshaondoa uchafu, ameshaamua utakavyojisikia. Mwandishi anabaki kupiga makofi.

Iliyonifungulia njia haikuwa nzuri hata kidogo. Ilikuwa picha ya ngazi ya mbao ndani ya nyumba. Vidato vyote vilikuwa vimelika katikati kwa kukanyagwa miaka na miaka, isipokuwa kimoja karibu na juu. Hicho kilikuwa kipya, rangi yake haikulingana na vingine. Nikaikodolea macho. Nani alikibadilisha? Kwa nini hicho peke yake? Kilipovunjika, nani alikuwa amesimama juu yake?

Usiku ule ule niliandika ukurasa ambao sasa ndio moyo wa kitabu. Baba alikibadilisha kidato mwenyewe, usiku, bila kumwita fundi. Dada mdogo aliambiwa mbao ililiwa na mchwa. Mkubwa alikuwa macho, akaona kilichotokea. Kwa hiyo sababu yake ya kukataa nyumba iuzwe, ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa mihadhara mirefu ya urithi na heshima ya wazee, ilikuwa imejificha kwenye kipande cha mbao.

Tangu hapo ninaye bwana mmoja tu kwenye ubao, naye ni swali. Picha haibandikwi mpaka niweze kuandika chini yake swali ambalo yenyewe hailijibu. "Inapendeza" si swali. "Hii ndiyo nyumba yao" si swali. "Mbona kiti kimegeuzwa ukutani?" hilo ni swali, na picha inapita. Nilipoupitisha ubao wa zamani kwenye chujio hilo, sehemu kubwa ilifutika, na sikuikumbuka tena.

Chujio hilo pia lilinitoa nje ya Pinterest, kwa sababu picha zenye maswali ni nyingi zaidi kwenye hifadhi za kumbukumbu. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha huria, ni mahali pazuri pa kuanzia, na makumbusho mengi yameweka mikusanyo yao wazi. Lakini hazina niliyoipenda kuliko zote iko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani: picha zilizopigwa kati ya 1935 na 1944 na wapiga picha wa kitengo kimoja cha serikali ya nchi hiyo waliotumwa mashambani na mijini, negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake) za rangi nyeusi na nyeupe zipatazo 175,000. Aliyeongoza kitengo hicho kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa Roy Stryker. Kwa miaka kadhaa negativu alizozikataa zilitobolewa kwa kitoboleo ili zisitumike. Nyingi zilihifadhiwa hivyo hivyo zikiwa na matundu, na leo unaweza kuzitazama. Unakuta mtu amesimama shambani, kila kitu kiko sawa, na juu ya picha kuna duara jeusi tii, wakati mwingine usoni kabisa.

Nilikaa na duara hilo siku nyingi. Kwa Stryker lilikuwa jambo la ofisini tu, njia ya kutenga zinazofaa na zisizofaa. Kwa hadithi yangu likawa albamu ya familia yenye picha moja iliyotobolewa mahali pa uso wa mtu, na dada wawili wanaobishana ni uso wa nani. Uazimaji wa namna hii naona ni halali: sikuchukua picha ya mtu, nilichukua tundu.

Kuhusu kuandika kwenyewe, naandika ubao ukiwa umefungwa. Naitazama picha kwa muda, naifunga, nasubiri kidogo, ndipo naanza. Ikiwa wazi mbele yangu nageuka karani wa ghala, nahesabu meza, kiti, pazia. Rasimu niliyoandika nikiiangalia ngazi ilisema: "Ngazi ilikuwa ya mbao za kahawia, yenye vidato vilivyolika na mhimili uliochongwa maua." Kweli tupu, na imekufa. Baada ya kuifunga ilitoka hivi: "Vidato vyote vililia alipovikanyaga, ila kimoja, hata gizani mguu wake ulijua umefika pale." Picha haina sauti. Ukimya wa kidato kipya niliuongeza mimi, na nadhani nisingeuongeza kama macho yangu yangekuwa bado yameshiba rangi ya mbao. Siku hizi kila picha naidai kwanza vile isivyoweza kuwa navyo: harufu, joto, kelele za chumba cha pili.

Wahusika ni suala jingine. Waandishi wengi hubandika waigizaji mashuhuri, na sioni kosa, lakini kwangu sura ya mwigizaji huja na sauti yake na filamu zake zote, mhusika anakosa nafasi. Natumia mikono, migongo, viatu, namna mtu alivyoketi ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kudai deni. Sura kamili ya mtu wa kawaida aliye hai siigusi. Yeye hakuomba kuwa muuaji kwenye riwaya yangu.

Siku hizi kuna na picha za akili mnemba, na zimejaa kweli kweli. Mwaka 2025 Pinterest ilianza kuziwekea alama. Mimi nazikwepa kwa sababu ya kikazi tu, si ya kimaadili: zina makosa, lakini makosa yake hayana kisa. Kidato kikiwa na rangi tofauti kwenye picha halisi, kuna mtu alishika nyundo. Kwenye picha ya mashine, hakuna aliyeshika chochote, na swali langu linaanguka hewani.

Mwishoni nilitaka picha ya ngazi iwe jalada. Kuchochewa na picha ni jambo moja, kuichapisha ni jingine kabisa. Hiyo inahitaji ruhusa ya mwenyewe, na mabandiko mengi yamezunguka hadi jina la mwenyewe limepotea. Niliitafuta kwa TinEye, ambayo hutafuta picha kwa kutumia picha, nikapata nakala nyingi za bandiko lile lile na hakuna chanzo. Nikaiacha. Jalada nimelitoa kwenye mkusanyo wa Metropolitan Museum of Art, makumbusho ya sanaa ya New York, ambao mwaka 2017 uliachia picha zipatazo 375,000 zitumike bure na mtu yeyote, hata kibiashara. Ni mchoro wa mlango, na hauhusiani na sura yoyote ya kitabu.