Simba Wawili, Ndovu Mmoja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inalia kabla ya kengele. Ni mamake Mwenyekiti. "Mwalimu, huku mvua inanyesha. Si akae tu nyumbani leo?"

Mvua yenyewe ni manyunyu. "Mama, mvalishe gambuti, aje."

Kila Jumatano ananipigia, na kila Jumatano kuna sababu mpya. Simlaumu. Kijana ana miaka 24 na usonji (autism), na hadi mwaka jana hakuwa amevuka barabara bila kushikwa mkono. Mwenyekiti si jina la kwenye kitambulisho. Tulimbandika sisi, maana haketi mpaka viti vyote vya ukumbi vinyooke mstari mmoja.

Saa mbili. Manyatta, hapa Kisumu, ukumbi wa kanisa tunaoazimwa siku tatu kwa wiki. Vijana wako 11: wenye usonji, wenye Dauni sindromu, wawili wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Tunasalimiana kwa zamu, na anayepunga mkono tu amesalimu. Ukutani kuna picha za shughuli za siku: kunawa, karanga, chai, pesa, soko. Ole wako uisahau ile ya chai.

Saa tatu ni karanga. Tunazifunga kwa karatasi, pakiti ndogo shilingi kumi, kubwa ishirini. Kazi tumeigawa hatua tano: kunja karatasi, zungusha, pinda ncha, mimina kijiko, funga mdomo. Tena tunafundisha kutoka mwisho. Mimi nafanya nne za kwanza, mwanafunzi anafunga mdomo. Akizoea, namwachia mbili, halafu tatu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza pakiti inakamilikia mikononi mwake, si mwangu. Dada mmoja mwenye Dauni sindromu alichukua miezi minne kufika kwenye kijiko. Leo anaanzia mwanzo. Anakunja, anaitazama ncha, anaikunjua, anakunja tena. Karanga mbili zinachungulia chini, anazirudisha kwa kidole gumba. Vidole vinaniwasha nimsaidie. Siwezi kuviamini, kwa hiyo nimevikalia. Sitanii, nimekalia mikono yangu kama mtoto wa nasari.

Chai, mandazi, kisha pesa. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na sarafu zilizotolewa 2018 zikaja na wanyama: twiga shilingi moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Sidhani kuna aliyetufikiria sisi, lakini sijapata kifaa cha kufundishia kizuri kuliko hicho. Kijana asiyesoma tarakimu anajua simba wawili ni sawa na ndovu mmoja, na hadanganyiki.

Saa sita, meza yetu iko Kondele. Zamu ni ya Mwenyekiti. Makanga wa matatu anaruka chini, anachukua pakiti kubwa, anatupa sarafu mezani. Ni ishirini ya zamani, ile yenye kichwa cha Mzee Kenyatta. Mwenyekiti anaigeuza, anaigeuza tena, anairudisha.

"Hakuna ndovu."

"Bro, hiyo ni mbao, ishirini!"

"Hakuna ndovu."

Dereva anapiga honi. Nimesimama hatua tatu nyuma, kando ya mama anayeuza omena, na neno langu moja lingemaliza ubishi. Mama wa omena ananitazama kama mtu asiye na utu. Makanga anapekua viganja, anacheka, anatoa simba wawili. Mwenyekiti anawapanga sambamba, ndipo anaachilia pakiti.

Kosa ni langu kabisa. Nilifundisha sarafu mpya tu wakati mifuko ya Kisumu bado imejaa za zamani. Naandika kwenye daftari: *Kesho: Mzee pia ni ndovu.*

Saa nane, Nyalenda, nyumba ya mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Amekuwa akinyweshwa uji akiwa amelala chali, na anapaliwa kila mlo. Wiki iliyopita tulimtengenezea kiti kwa kadibodi na gundi ya unga. Leo amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, na nusu kikombe kimeingia bila kikohozi. Mamake anafuatilia ile 2,000 ya serikali ya kila mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa. Ameenda kupimiwa mtoto mara tatu, nauli juu ya nauli, na mara ya tatu daktari hayupo. Naahidi kwenda naye ya nne. Sina la ziada la kumpa.

Saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti anapanda matatu ya Mamboleo peke yake, mimi nikiwa kiti cha nyuma kabisa kama mpelelezi. Analipa. Anaacha kiganja wazi mpaka chenji iingie.

Tulikubaliana mamake asije stegi. Yupo, nyuma ya kibanda cha M-Pesa. "Nimekuja kununua nyanya tu, mwalimu." Hana hata kikapu.

Mwenyekiti anashuka, anatazama kulia, kushoto, kulia tena, anavuka, anashika njia ya nyumbani bila kutuona.

"Nimfuate?"

"Tumpe dakika mbili, mama."

Ananishika mkono, anaubana hasa. Tunasimama hivyo hadi gambuti zinapopinda kona.