Nilivyojifunza rangi za mafuta kwa kunakili mgongo wa Ingres

Wengi wanaoanza hukimbilia picha za nyuso. Mimi nilichagua mwanamke aliyetupa mgongo: mwogaji aliyechorwa na Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres mjini Roma mwaka 1808, ambaye sasa yuko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Uso ukiukosea kidogo tu unapata mtu mwingine kabisa. Mgongo una huruma.

Picha yenyewe ina kimo cha sentimita 146. Yangu ni nusu yake, niliyoihamisha kwa miraba ya penseli. (Hata wanaopewa kibali cha kunakili ndani ya Louvre hawaruhusiwi kutumia kipimo kilekile cha picha halisi.)

Kabla ya rangi yoyote nilipaka mwili wote kwa kijivu, na mwili huo ndio uliokula muda wangu mwingi. Ukiutazama mgongo ule harakaharaka utaapa ni rangi moja. Nilitoboa tundu dogo kwenye kadi ya kijivu, nikawa nalipitisha juu ya picha iliyochapishwa, nikiona kipande kimoja kimoja bila jirani zake. Bega lina joto la manjano, ubavu unaelekea kijivu chenye ukijani, na chini karibu na shuka nyeupe mwanga unarudi juu ya ngozi. Kivuli kizito hakipo. Basi nikachanganya rangi kadhaa za kati, zikipishana kidogo mno, nikazipaka ubavu kwa ubavu, kisha nikalainisha mipaka kwa brashi kavu. Kwa akriliki, rangi za kuzimuliwa kwa maji, nisingewahi, maana hukauka ukiwa bado unafikiri.

Tabaka la kwanza nilizimua kwa tapentaini, yaliyofuata nikayaongezea mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, la juu hukauka kabla ya la chini, na picha hupasuka. Madirisha yawe wazi. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, maana yanaweza kuwaka yenyewe. Mimi huyatandaza nje mpaka yakakamae.

Kilemba chenye michirizi myekundu kilikuwa starehe tupu, nadhani hata kwa Ingres. Pazia la kushoto halikunisumbua. Vanishi bado sijapaka: rangi ikigusika kuwa kavu haina maana imekauka hadi ndani, kwa hiyo naiacha miezi sita kwanza.