Jinsi nilivyobadilisha buti ya shafti iliyopasuka

Grisi nyeusi ilikuwa imerukia rimu kwa ndani, na buti, yaani kifuniko cha mpira cha jointi ya nje ya shafti inayozungusha gurudumu, imechanika kwenye mkunjo. Jointi haikuwa inagonga nikikata kona, kwa hiyo shafti nzima ya nini? Buti, grisi na klipu nilipata Kirinyaga Road, Nairobi.

Nati kubwa ya habu, pale katikati ya gurudumu, ilegeze gari likiwa bado chini, la sivyo gurudumu litazunguka tu. Nilichomoa shafti, nikagonga jointi ikatoka, nikaiosha kwa mafuta ya taa hadi golori zikang'aa. Hapa usiharakishe: mchanga ukibaki ndani, utaisaga. Nikajaza grisi ya molibdeni, nikarudisha jointi kwa ringi mpya ya kuishikilia kwenye shafti, nikaitoa hewa buti kabla ya kukaza klipu ndogo. Klipu za plastiki sikuzigusa, hulegea.